Wiki ya Michezo, Sanaa na Jamii katika Shule ya Bweni: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu Msimamizi

Mwaka wa kwanza niliokabidhiwa wiki ya michezo, Jumatatu iliyofuata niliwapa kidato cha pili insha juu ya wiki ile. Msichana mmoja aliandika mistari minne. Wiki ilikuwa nzuri, kambi yake ilichukua kikombe, pilau ilitosha, na yeye alikaa chini ya mkwaju siku zote. Hakuwa analalamika, alikuwa anajibu swali. Nilirudi kwenye orodha zangu nikaanza kuhesabu. Shule ilikuwa na wanafunzi 480. Waliocheza, walioimba, walioigiza na waliopewa kazi yoyote, ukiondoa majina yaliyojirudia, hawakufika 190. Kelele za washangiliaji zilikuwa zimenificha wengine wote.

Tangu hapo napanga kuanzia upande wa pili: majina kwanza, michezo baadaye. Ninayoeleza hapa ni ya shule ya serikali ya bweni, ya wavulana na wasichana, mkoani Dodoma. Kama shule yako ni ndogo au ni ya jinsia moja, punguza hesabu, lakini utaratibu utakufaa.

Kuchagua wiki

Mimi huchagua wiki ya pili au ya tatu ya Agosti. Kwetu Kanda ya Kati mvua huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili, kwa hiyo Agosti uwanja ni mkavu na hakuna mechi itakayoahirishwa. Shule za Pwani nazo zitakuwa zimeshavuka masika. Sababu kubwa zaidi ni kidato cha tano. Hawa huripoti Julai, wametoka mikoa yote, na mwezi wa kwanza hukaa kivyao kama wageni kwenye harusi ya watu. Wiki hii ndiyo inayowaingiza shuleni kwa kweli. Sikia kidato cha tano anayeitwa kwa jina lake la utani na mtoto wa kidato cha kwanza, ujue kazi imefanyika.

Kabla hujatangaza tarehe, uliza ofisi ya taaluma ratiba ya mtihani wa utamilifu wa kidato cha nne. Mikoa mingi huufanya Julai au Agosti, na hakuna mkuu wa shule atakayekubali ngoma zipigwe wakati huo. Angalia pia Nane Nane isiangukie katikati, maana walimu wa kilimo na wanafunzi wao huenda kwenye maonyesho.

Utaona kwamba Agosti ni baada ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania. Watu wengine huona hiyo ni kasoro, kwamba wiki ya shule ingepaswa kutoa timu ya kwenda wilayani. Mimi naona ni heri. Timu ya UMISSETA huchagua wachache wenye vipaji, na lazima ifanye hivyo. Wiki hii ni ya waliobaki. Wale waliofika ngazi ya mkoa nawaruhusu kucheza mchezo mmoja tu, kisha wanakuwa makocha wa kambi zao.

Kambi nne

Tuna mabweni manane, manne ya wavulana na manne ya wasichana, kila moja lina watu 60 hivi. Nimeyaunganisha mawili mawili, la wavulana na la wasichana, zikapatikana kambi nne za watu 120: Mkwawa, Mirambo, Kinjekitile na Bibi Titi. Usigawe kwa vidato wala kwa mikondo. Ukigawa kwa kidato, kidato cha sita kitashinda kila kitu na kidato cha kwanza kitakuwa cha kupigwa. Bweni lina rika zote, na tayari watu wake wanajuana kwa usafi na kwa foleni ya bwalo.

Kila kambi iwe na walezi wawili, mwalimu wa kiume mmoja na wa kike mmoja, na manahodha wawili. Manahodha wachaguliwe na wanakambi wenyewe, na wasiwe viranja. Kiranja amezoea kuamrisha. Unachotaka hapa ni mtu anayejua kubembeleza.

Daftari la majina

Hiki ndicho kiini cha kazi, kipe muda. Wiki tatu kabla, nunua daftari kubwa la jalada gumu, moja kwa kila kambi. Andika majina yote 120, namba moja hadi mwisho, kwa mpangilio wa vitanda na siyo wa herufi. Anayelala kitanda cha chini pembeni mwa mlango asikosekane. Mbele ya kila jina chora safu tatu: uwanjani, jukwaani, huduma. Safu ya nne ni ya sahihi ya mwalimu.

Kanuni ni mbili. Kila mwanafunzi lazima awe na alama angalau katika safu moja. Hakuna mwanafunzi mwenye nafasi zaidi ya mbili.

Kanuni ya pili ndiyo inayowasumbua manahodha, kwa sababu kila kambi ina kijana mmoja anayejua mpira, anayekimbia, anayeimba na anayechekesha, na wangependa wamtumie kila mahali. Simama imara. Kila nafasi ya tatu unayompa yeye ni mtu mmoja unayemrudisha chini ya mkwaju.

Nafasi zinatosha? Piga hesabu nami. Kwa kambi moja: soka 16, netiboli 12, mpira wa wavu 20 kwa timu mbili, riadha 16, bao 4. Hapo ni 68. Jukwaani: ngoma 24, kwaya 20, igizo 12, ngonjera na mashairi 6, mdahalo 4. Hiyo ni 66. Huduma: watunza alama, wapiga kengele, wabeba maji, gazeti la ukutani, huduma ya kwanza, wapambaji, jumla 20. Yote pamoja ni nafasi 154 kwa watu 120. Hivyo hata ukiruhusu 34 washike nafasi mbili, hakuna anayebaki.

Usiwaachie manahodha waite watu hadharani. Mtoto mwenye aibu hatanyoosha mkono mbele ya watu 119. Manahodha wapite kitanda kwa kitanda, jioni baada ya prepo (muda wa kujisomea), wakae chini, waulize: "Wewe nyumbani ulikuwa unafanya nini siku ya sikukuu?" Swali hilo limenipatia mpiga zeze, wasuka mikeka wawili, na kijana wa Kigoma aliyejua kuita mbio za mitumbwi kwa sauti iliyowasimamisha watu bwalo zima. Kijana huyo tulimfanya mtangazaji wa riadha.

Wapo wasioweza kukimbia kwa sababu za afya: wenye pumu, selimundu, kifafa, waliotoka kuugua. Muuguzi wa shule au matroni ana orodha yao. Ipitie pamoja naye faraghani, kisha wape nafasi zenye uzito. Mtunza saa wa fainali ya soka ana mamlaka kuliko beki yeyote. Bao nalo ni mchezo kamili wa mashindano, wala si la kumliwaza mtu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na hazina ya kete 22, na anayelijua kweli huhesabu mizunguko mitatu mbele kichwani. Ukikosa mbao za kutosha, chimba mashimo kwenye ardhi ngumu kivulini, tumia kokoto. Weka kikomo cha dakika 30 kwa mchezo, la sivyo mechi moja itakula jioni yote.

Ruhusa na fedha

Hapa sina mengi. Andika pendekezo la ukurasa mmoja kwa mkuu wa shule mwezi mmoja kabla: tarehe, ratiba, idadi ya mechi, mahitaji ya jiko, majina ya walimu. Mkuu ndiye atakayemjulisha afisa elimu kata na bodi ya shule. Usimwombe mwanafunzi hata shilingi moja. Shule za serikali zilianza kutoa elimu bila ada kwa kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita vikafuata 2022. Mchango wowote una njia zake rasmi, na mwalimu wa michezo hayumo kwenye njia hizo. Wiki hii inaweza kuendeshwa kwa mipira minne, filimbi mbili, kamba, chokaa, na nyongeza ya jiko kwa siku moja.

Kupima viwanja

Fanya kazi hii Jumamosi na Jumapili kabla ya wiki, na ifanywe na wanafunzi wa huduma. Mwalimu wa hisabati aje pia, kwa maana hapa ndipo Pythagoras anapotoka ubaoni.

Chukua kamba ndefu isiyovutika, ifunge mafundo kwenye mita 3, kisha mita 4 zaidi, kisha mita 5 zaidi. Ukiivuta iwe pembetatu, kona kati ya 3 na 4 ni pembe mraba kamili. Kila kona ya kiwanja anzia hapo. Ukishaweka kona nne, pima mishazari yote miwili. Isipolingana, kiwanja kimepinda, rudia.

Netiboli: urefu mita 30.5, upana mita 15.25, mshazari mita 34.1. Gawa urefu sehemu tatu sawa. Nusu duara ya kufungia ina nusu kipenyo cha mita 4.9, na mlingoti wa goli una urefu wa mita 3.05. Wavu: mita 18 kwa 9, mshazari mita 20.1, mstari wa mashambulizi mita 3 kutoka katikati, urefu wa wavu mita 2.43 kwa wavulana na 2.24 kwa wasichana. Kwa kidato cha kwanza na cha pili mimi hushusha sentimita 15, wacheze badala ya kuokota mipira.

Soka ina nafasi pana: sheria zinaruhusu urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa 45 hadi 90. Goli ni mita 7.32 kwa 2.44, eneo la adhabu ni mita 16.5, alama ya penalti mita 11, duara la kati mita 9.15. Kama kiwanja chako kina mteremko, usihangaike, timu zitabadilishana upande.

Hatuna njia ya riadha ya mita 400. Tumechora ya mita 200 uwanjani: pande mbili zilizonyooka za mita 50 kila moja, na nusu duara mbili zenye nusu kipenyo cha mita 15 na sentimita 90. Piga kigingi katikati ya kila nusu duara, funga kamba, zunguka ukimwaga majivu. Kila mstari wa nje uwe mbali mita 1.22 na wa ndani yake. Kwa mbio za mzunguko mmoja ndani ya mistari, kila mkimbiaji wa mstari wa nje aanze karibu mita 7.7 mbele ya wa ndani yake. Mwaka mmoja tulisahau hilo, na msichana wa mstari wa nne alikimbia zaidi ya mita 20 za bure. Alikuja wa mwisho akilia, na hakuna aliyejua sababu mpaka usiku.

Kuhusu chokaa: tumia iliyokwisha kuzimwa kwa maji ikakaa, kamwe usitumie ile mbichi. Mbichi ikigusa jicho lenye jasho huunguza. Majivu ya jikoni yaliyochekechwa yanatosha kabisa kwa viwanja vya ndani. Agosti Dodoma ina upepo na vumbi, hivyo mistari ipitiwe upya kila siku mchana. Maji ya kufulia nguo yakusanywe kwenye mapipa, ndiyo yanayonyunyizwa uwanjani. Maji safi usiyaguse.

Ratiba ya siku saba

Masomo hayafutwi. Jumatatu hadi Alhamisi vipindi vinaendelea mpaka saa 8:40 mchana kama kawaida, na prepo inabaki, ila inapunguzwa nusu saa. Hilo ndilo lililonipatia kura za walimu wa taaluma.

Kambi nne zikicheza kila moja na kila nyingine ni mechi 6. Jumanne, Jumatano na Alhamisi, mechi mbili kwa siku kuanzia saa 10:00 jioni, dakika 20 kila kipindi na mapumziko ya dakika 5. Ya kwanza inaisha saa 10:45, ya pili inaanza saa 11:00 na kufika mwisho kabla ya saa 12:00. Netiboli inakwenda sambamba kiwanja cha pili, wavu na bao kivulini. Ushindi pointi 3, sare 1. Wawili wa juu wanakutana fainali. Wa tatu na wa nne nao wanacheza, wasikae bure. Ukiwa na kambi sita mechi zinakuwa 15 na siku hazitoshi. Gawa makundi mawili ya kambi tatu.

Jumatatu paredi inafupishwa: kambi zinaingia na bendera zao, ratiba inasomwa, kura za mechi zinapigwa mbele ya wote. Jioni hakuna mechi. Ni mazoezi, na manahodha wanakagua daftari mara ya mwisho.

Jumatano usiku ni mdahalo. Shule nyingi hufanya midahalo kwa Kiingereza pekee, na najua sababu. Wiki hii sisi tunafanya kwa Kiswahili, na ninaomba na wewe ujaribu. Utasikia watoto uliodhani hawana hoja wakisimama na kusema kwa mtiririko. Mada iwe ya karibu, kama vile bweni lenye simu na bweni lisilo na simu, au kama kilimo cha shule kiwe na alama za mtihani. Mwenyekiti, katibu na mtunza muda wawe wanafunzi, dakika 4 kwa msemaji, na wasikilizaji wapewe dakika 20 za kuchangia.

Sasa suala la ibada, ambalo ratiba nyingi hulisahau. Ijumaa kuanzia saa 6 hadi saa 8 mchana usiweke chochote, Waislamu wako msikitini. Wasabato sabato yao inaanza Ijumaa jua linapotua mpaka Jumamosi jua linapotua. Riadha yetu ni Jumamosi asubuhi, kwa hiyo mwanafunzi Msabato daftari lake linaelekezwa kwenye mechi za katikati ya wiki, fainali za Jumapili, au usiku wa sanaa, ambao tunauanza Jumamosi saa 1:30 usiku, jua limekwisha kuzama. Jumapili asubuhi ni ya makanisa. Fainali zinaanza saa 9 alasiri. Kupanga hivi hakugharimu kitu, kunahitaji tu kuuliza mapema.

Ijumaa: kijiji

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule iwe jamii inayojitegemea na isiyojitenga na watu wanaoizunguka. Shule yetu ina uzio, na watoto wengine humaliza miaka minne bila kujua jina la mwenyekiti wa kijiji. Ijumaa kuanzia saa 8:30 mchana tunatoka.

Wiki mbili kabla, peleka barua kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, na muhimu zaidi, nenda mwenyewe ukaulize kinachohitajika. Mwaka mmoja tulikwenda zahanati na mafagio 40. Nesi alitushukuru sana, kisha akasema uwanja ulishafagiwa asubuhi. Kilichomtesa ni choo kisicho na mlango. Mafundi seremala wetu wa klabu wangeutengeneza kwa siku moja. Sasa tunauliza kwanza: njia ya kisimani, mashimo ya kupandia miti ili mvua ikija yawe tayari, kuni za bibi anayeishi peke yake. Watu 30 kwa kila kambi, mwalimu mmoja kwa kila 15, majina yakihesabiwa wanapotoka na wanaporudi, wote ndani ya uzio kabla ya saa 12:00.

Wengine 360 wanabaki kupokea wageni. Kina mama wa kijijini huja kuwafundisha wasichana midundo ya muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo ambayo mpigaji hubana ngoma katikati ya miguu. Mzee mmoja huja na zeze. Watoto wakishangaa, huwa nawaambia kwamba Hukwe Zawose, aliyezipeleka zeze na marimba za Wagogo kwenye majukwaa ya dunia, alitoka mkoa huu huu. Walimu wa ngoma wapewe chakula, nauli na shukrani za mbele ya watu. Ni wataalamu.

Usiku wa sanaa

Shule ya taifa ina hazina ambayo kijiji hakina: ndani ya bwalo moja umekaa na mtoto wa Songea anayejua lizombe, wa Mtwara na sindimba, wa Mwanza na bugobogobo yenye majembe, wa Lushoto na mdumange. Kanuni yetu ni kwamba kila kambi icheze ngoma moja ya mahali ambako si kwao wengi. Anayeijua anakuwa mwalimu. Hapo ndipo mtoto wa kidato cha kwanza aliyekuwa hasemi anapowasimamisha kaka zake wa kidato cha sita mstarini na kuwaambia, "Mguu wa kushoto kwanza, kaka, nimeshasema."

Tahadhari moja. Zipo ngoma za jando na unyago ambazo si za kuonyeshwa hadharani. Mtoto anaweza kuzijua nusu asijue mipaka yake. Muulize mzee wa kabila hilo, au mzazi kwa simu, kabla ya mazoezi.

Ushairi: kila kambi ilete shairi moja la beti tano au ngonjera. Shairi liwe na mishororo minne kila ubeti, mizani 16 kila mshororo, nane na nane, na vina vya kati na vya mwisho vikae. Waamuzi wahesabu mizani kwa vidole, wala wasione haya. Ngonjera inawafaa sana wanafunzi kwa sababu ni majibizano, na tunajivunia kwamba Mathias Mnyampala, aliyeikuza ngonjera hadi ikaingia shule zote nchini, alikuwa mtu wa Dodoma.

Igizo lisizidi dakika 15. Litungwe na wanafunzi wenyewe, lisimdhihaki mwalimu wala mwanafunzi anayejulikana, wala kabila. Mlezi asome hati Jumatano, na Alhamisi usiku liwe na mazoezi kamili na mavazi. Usiruke mazoezi hayo. Igizo linaloonekana mara ya kwanza jukwaani huisha kwa watu kupeana migongo.

Waamuzi watatu, angalau wawili kutoka shule jirani. Alama za ngoma tunagawa hivi: midundo na uimbaji 30, hatua na umoja 30, mavazi na vifaa 15, na 25 kwa idadi ya walioshiriki kikamilifu. Hiyo 25 ya mwisho inazuia kambi kuweka wachezaji hodari sita mbele na wengine kuwa pambo.

Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, na mafuta yajazwe kabla halijawashwa. Hakuna mishumaa wala vibatari jukwaani, hata kama igizo ni la zamani. Milango yote ya bwalo ifunguliwe. Wageni wa kijiji wanakaribishwa Jumapili mchana, usiku ni wa shule peke yake. Saa 4:00 muziki unazimwa, wasichana wanatangulia na matroni, wavulana wanasubiri bwaloni dakika 20, kisha kila bweni linahesabiwa kitanda kwa kitanda kabla mwalimu wa zamu hajaenda kulala.

Jiko, maji, majeraha

Mpishi mkuu awe kwenye kikao cha kwanza, si cha mwisho. Watoto wanaocheza wanakula zaidi. Kwa wiki hii tunaongeza uji wa saa 4 asubuhi na kikombe cha pili cha maharage jioni. Pilau ya Jumapili kwetu ni kilo moja ya mchele kwa watu watano, yaani kilo 96 kwa wanafunzi 480, na za walimu na wageni juu yake.

Agosti shida ni maji. Matangi yajazwe Ijumaa na Jumamosi kabla ya wiki, na tangi moja lifungwe kwa kufuli liwe la kunywa tu. Ndoo mbili zenye mifuniko na bomba kila kiwanja, kila mtu na kikombe chake.

Pembeni mwa kila kiwanja wawepo wanafunzi wawili wa huduma ya kwanza na sanduku. Mguu ukiteguka: mpumzishe, kitambaa cha maji baridi dakika 15 hadi 20, funga bendeji isiyobana, inua mguu. Usiuchue wala kuukanda kwa maji ya moto siku mbili za mwanzo, ingawa kila mtu atakuambia uchue. Aliyegonga kichwa anatoka na harudi siku hiyo, hata kama ni mfungaji bora na anasema yuko salama. Akitapika, akisinzia au kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja. Kwenye kuvuta kamba asiwepo anayejizungushia kamba mkononi au kiunoni. Sanduku la wasichana liwe na taulo za kike, na wajue wanaweza kuchukua bila kuomba.

Jumapili na Jumatatu

Alama za kambi: kila shindano, liwe soka au ngonjera, linatoa 10 kwa wa kwanza, 7, 5 na 3. Mpira usiwe na uzito kuliko ushairi. Kisha kila kambi yenye sahihi 120 kwenye daftari inapata 20 zaidi. Mwaka jana alama hizo 20 ziliwatoa Mirambo nafasi ya tatu wakawa wa kwanza, na kelele zilizotoka pale sijazisikia hata kwenye penalti.

Sahihi inatolewa na mwalimu aliyemwona mwanafunzi akifanya kazi, siku hiyo hiyo. Usikubali kusaini kurasa nzima Jumapili asubuhi.

Tuzo zetu ni mipira, ndoo, madaftari, na mbuzi mmoja kwa kambi iliyoshinda. Mpishi humpika Jumatatu jioni. Jumapili hiyo hiyo, kabla ya saa 12 jioni, mitambo, bendera na viti virudishwe, mipira ihesabiwe, majina ya vilivyopotea yaandikwe. Watoto wakilala bila kuvirudisha, hutaviona tena.

Jumatatu mchana kaa na madaftari manne. Tafuta majina yasiyo na sahihi. Mwaka jana yalikuwa 7 kati ya 480. Mwite kila mmoja peke yake, mkalie kivulini, uulize kilichotokea. Mmoja alikuwa anaumwa jino. Wawili waligombana na nahodha. Mmoja, kidato cha tano, alisema, "Mwalimu, nilisikia jina langu likiitwa, nikadhani ni mwingine." Jina lake ni la kwanza kwenye daftari la mwaka huu.